Ufunguo Uliokuwa Mfukoni Mwangu

Watu wakiniuliza nilivyoanza biashara ya nguo za akina mama, huwasimulia habari ya cherehani moja niliyoachiwa na mama mkubwa, na jinsi ilivyozaa nyingine tano. Ni hadithi nzuri, tena ya kweli. Lakini ipo nyingine ambayo siisimulii mara kwa mara, nayo ni ya kufuli.

Karakana yetu ilikuwa chumba kirefu cha kupanga huko Magomeni, Dar es Salaam, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwangu. Madirisha yalikuwa na nondo na mlango ulikuwa mmoja. Mwaka 2011 wezi walituingilia wakabeba cherehani mbili na majora ya vitenge. Tangu hapo, mafundi walipokesha kumaliza kazi, niliwafungia kwa nje, nikatia ufunguo mfukoni, nikaenda kulala. Sikuwafungia kwa ubaya. Moyoni nilijiambia kwamba nalinda mali, na wao pia nawalinda.

Aprili 2013 tulikuwa tunashona sare za harusi. Redio ikatangaza kwamba huko Savar, nchini Bangladesh, jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza limeporomoka. Siku zilizofuata tulisikia mengi zaidi. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yalifungwa, lakini washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini. Walikufa watu 1,134, wengi wao wanawake, na nguo walizokuwa wakishona zilikuwa zinangojewa katika maduka ya Ulaya na Marekani.

Nilipandwa na hasira. Nikasema mbele ya mafundi wangu kwamba makampuni yale makubwa hayana utu, yanathamini blauzi kuliko aliyeishona. Fundi wangu mkubwa, mtu mzima asiye na maneno mengi, hakuinua macho kwenye cherehani. Akasema taratibu, "Mama, na sisi juzi ulitufungia. Kungezuka moto, tungetokea wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilijifanya natafuta sindano.

Baadaye nilianza kusoma habari za moto viwandani, na nilichokikuta kilinikosesha usingizi. Tarehe 25 Machi 1911, jijini New York, kiwanda cha blauzi za kike cha Triangle kilishika moto. Katika muda usiofika nusu saa wakafa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na hoja iliyotolewa ilikuwa ni kuzuia wizi. Wenye kiwanda walishtakiwa, wakaachiwa huru. Miaka mia moja na zaidi ikapita, na mwezi Novemba 2012 kiwanda kingine cha nguo kikaungua karibu na Dhaka. Zaidi ya watu mia moja wakafa, na wapo waliokuta njia za kutokea zimefungwa. Katika habari zote hizo nilikuwa nikiisikia sauti yangu mwenyewe: nalinda mali.

Hapo nikajiuliza swali la pili: kwa nini walikuwa wakikesha? Jibu nililijua. Mteja alileta vitambaa Jumanne, harusi ilikuwa Jumamosi, naye aliomba bei ipunguzwe. Nilikubali vyote viwili. Haraka ya mteja na bei ndogo nilizipokea mimi kwa tabasamu, kisha nikazishusha mabegani mwa mafundi, niliokuwa nawalipa kwa nguo na si kwa saa. Ndivyo yanavyofanya makampuni makubwa pia. Hupanga bei na siku ya kupokea mzigo, halafu linapotokea baya husema kiwanda si chao. Mimi hata kisingizio hicho sikuwa nacho. Kampuni ilikuwa yangu, kiwanda changu, na ufunguo ulikuwa wangu.

Mwezi Mei 2013 makampuni mengi ya nguo yalitia saini mkataba na vyama vya wafanyakazi kuhusu usalama wa viwanda vya Bangladesh. Kilichonivutia ni kwamba haukuwa tamko la nia njema tu. Ulikuwa na nguvu ya sheria, na ulitaka majengo yakaguliwe na yarekebishwe. Ahadi isiyoweza kukudai ni maneno matupu. Nami nikaandika yangu kwenye karatasi, nikaibandika ukutani mafundi waione: kufuli la nje limekwisha, komeo litakuwa la ndani, hakuna kukesha, oda ni siku kumi kabla, atakayezidisha saa atalipwa saa zake. Mwenye nyumba aliniruhusu kutoboa mlango wa pili kwa gharama yangu. Gharama hiyo ilikula faida ya miezi mingi. Wateja watatu wakubwa walinikimbia, na mmoja hajarudi mpaka leo.

Mlango ulipofunguka, nikaanza kuona na yaliyokuwa nje. Tulikuwa tunatengeneza batiki, na batiki hutaka kostiki soda, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni. Maji yake tuliyamwaga mtaroni. Jirani alikuwa amenilalamikia kwamba watoto wake huchezea hapo na miguu inawawasha, nami nilimjibu kwamba mtaro ni wa jiji. Jibu hilo halikuniuma wakati ule, ila sasa nalikumbuka kwa aibu. Nilikwenda kumwomba radhi. Siku hizi rangi iliyobaki hatuimwagi. Tunatia kitambaa kingine kikatoka na rangi hafifu, na akina mama wengi wanaipenda. Kostiki soda tunaipima, hatukadirii kwa macho. Vipande vya vitambaa tunashonea vishikio vya sufuria. Hata hivyo maji ya mwisho bado yana mahali yanapokwenda, kwa hiyo sijiiti msafi. Nimepunguza, sijamaliza.

Msomaji wangu, sikuandika haya ili uache kununua nguo. Mafundi wangu wanasomesha watoto kwa nguo hizo. Ninachoomba ni kidogo: ukipata gauni la bei ndogo mno, lililoshonwa upesi mno, jiulize ni nani aliyelipa ile bei iliyopungua na ule usiku uliokosekana.

Fundi wangu mkubwa angali nami. Jioni anafunga yeye, akiwa wa mwisho kutoka, na ufunguo anaondoka nao.