Kutoka Daudi Hadi Michoro ya Kolo

Ukitoka kwetu Daudi, kwenye baridi ya Mbulu, unapita mjini na Dongobesh, kisha unateremka hadi Babati. Hapo unashika barabara ya Kondoa mpaka kijiji cha Kolo. Mlimani kuna watu waliochorwa miambani kwa rangi nyekundu, wembamba kama fito. Mary Leakey alinakili michoro ya eneo hilo mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia.

Mchoro mmoja una watu watano, na wa katikati, adhaniwaye mwanamke, ameshikwa mikono huku na huku. Leakey alidhani anatekwa nyara. Wataalamu wengine wameilinganisha michoro hiyo na simbo, ngoma ya Wasandawe, ambamo watu hunywa pombe nyingi na kucheza hadi wapagawe, wakijifanya simba ili kupambana na wachawi. Mimi muuguzi naona mtu anayesaidiwa kusimama!

Kwetu pombe ilikuwa na siku zake, kama vile kazi ya pamoja shambani. Siku hizi inauzwa kutwa. Tusiwahukumu upesi wapikaji. Wengi ni akina mama wenzetu wanaotafuta sare na madaftari ya watoto.

Wazungu wa kale nao walimwabudu mungu wa divai, Bacchus. Mhispania Velázquez alimchora mnamo 1629 akiwa kati ya wakulima wanaocheka, wameshika bakuli la divai. Ungedhani ni kilabuni siku ya mnada. Wote ni wanaume. Wake zao sijui walikuwa wapi, ila nakisia.

Lakini Mwitalia Caravaggio, mnamo 1593, alimchora Bacchus mgonjwa. Taji la majani lipo kichwani na zabibu zipo mkononi, ila ngozi ni ya kijani na manjano, midomo haina damu. Husemwa alijichora mwenyewe baada ya kutoka hospitali.

Rangi ile naijua. Mama, ukiona weupe wa macho ya baba watoto umekuwa manjano, tumbo limejaa maji, au anatapika damu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kama hunywa kila siku, usimfungie ndani ili aache ghafla, hata kama ni kwa maombi. Anaweza kutetemeka, kuweweseka na kushikwa na degedege hadi kufa. Aache akiwa chini ya uangalizi wa daktari.