Vipande Kumi na Viwili vya Duara



Katika Fizi yote hakuna reli. Anayetaka kuisikia treni akitoka Baraka hana budi kuvuka ziwa hadi Kigoma, au kushuka kusini hadi Kalemie, ambako njia itokayo Kabalo iliufikia ufuko wa Tanganyika mwaka 1915. Upande wa kaskazini ilikuwapo njia fupi kati ya Uvira na Kamanyola, lakini ilifungwa kabla ya uhuru, na wengi wenu hamkupata hata kusimuliwa habari zake. Kwa hiyo, sanduku la reli ndogo za kuchezea lilipotokea sokoni kwetu Baraka, ndani ya robota la mitumba, muuzaji hakutambua ni kitu gani. "Mwalimu, hii ni shaba ya kuyeyusha," aliniambia. Alikuwa amekwisha kuipima kwenye mizani.

Niliinunua kwa bei ya shaba chakavu. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni kimoja, mabehewa mawili, vipande vichache vilivyonyooka, kipande kimoja cha njia panda, na vipande kumi na viwili vilivyopinda. Kila kilichopinda kina nyuzi 30, na kumi na viwili vikiunganishwa hutimiza 360, yaani duara kamili. Vitatu kati yake vilikuwa vimeharibika. Mtu aweza kudhani kwamba tisa vilivyo vizima ni faida ya kutosha, lakini treni haiwezi kuzunguka robo tatu ya duara. Ama tungevitengeneza vile vitatu, ama tungerudisha vyote kwenye mizani.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza mbele ya watu: "Papa Katekista, watoto wanakosa madaftari, nawe unawatengenezea treni?" Swali lake lilikuwa la haki, na sikulijibu kwa haraka. Lakini nilisomea ualimu, na kwa miaka mingi nimefundisha mzunguko wa umeme kwa kuchora betri na balbu ubaoni. Wanafunzi huukariri mchoro, hupata alama zao, kisha hurudi nyumbani wasiweze kutengeneza tochi. Treni hii ni mchoro ule ule uliotoka ubaoni. Reli moja huchukua umeme kuupeleka kwenye mota, ya pili huurudisha kwenye betri, na mota yenyewe hutaka volti 12, sawa na betri ya sola iliyo katika nyumba nyingi za Baraka.

Tulianza na upana. Kati ya reli na reli panatakiwa pawe na milimita 16.5. Zikikaribiana, magurudumu hupanda juu. Zikiachana, hutumbukia katikati. Msidhani kwamba ni ubishi wa watu wa vitu vya kuchezea. Reli ya Kigoma ina upana wa milimita 1000. Ile ya Kalemie nayo ilijengwa kwa upana huo, hadi mwaka 1955 ilipopanuliwa kuwa 1067 ili ilingane na njia za Katanga. Milimita 67 ni kama upana wa vidole vinne, lakini kwa ajili ya hizo, behewa lililozaliwa Kigoma haliwezi kutembea Kalemie hata likivushwa ziwa salama. (Treni yetu, ukiukuza upana wake mara 87, inakuwa ya milimita 1435, kama zile mpya zilizoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Vijana waliifurahia sana hesabu hiyo.) Tulichonga kijiti cha mbao kikaingia barabara kati ya reli za kipande kizima, na kijiti hicho ndicho kilichokuwa hakimu wetu.

Kipande cha kwanza kilikuwa kimekanyagwa. Tulikifunga kitambaa, tukakinyoosha kwa koleo kidogo kidogo, na kila mara tukakilaza juu ya kioo ili tuone mwanga unapopenya chini yake. Mwenye haraka huirudisha reli kwa nguvu moja, nayo hupata kona ambayo haiondoki tena. Kipande cha pili kilikuwa kimepoteza mataruma yake ya plastiki. Tulichonga mengine ya mwanzi, tukayabandika kwa gundi na kushikiza reli kwa pini. Hakipendezi machoni, lakini kinafaa.

Cha tatu ndicho kilichotufundisha. Kwa macho hakikuwa na kasoro. Kilikuwa kimenyooka kwa upana, mataruma yake yote yapo, na tulikuwa tumekwisha kukisafisha kwa kifutio cha penseli, kwa maana msasa mkali huacha mikwaruzo inayokusanya uchafu. Hata hivyo treni ilisimama hapo kila mara. Kasoro ilikuwa kwenye kiungo, yaani kile kikaratasi cha bati kinachokumbatia miguu ya reli mbili na kupitisha umeme kutoka moja hadi nyingine. Kilikuwa kimelegea, na ndani yake kutu ilikuwa imejificha. Reli hushika, lakini umeme haupiti.

Kazi hiyo nilimpa kijana mmoja ambaye simtaji jina. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo, akawa anatengeneza simu za majirani, na wakati ule alikuwa amekwisha kuwaaga wazazi ili aende machimbo ya dhahabu ya Misisi. Alikaa na kile kipande jioni tatu. Kwanza alikata bati la kopo la nyanya akakunja kiungo kipya. Kisha akasema kwamba bati nalo litalegea siku moja, kwa hiyo haifai kuliachia kazi mbili, ya kushika na ya kupitisha umeme. Akalehemu waya mwembamba chini ya reli, kutoka upande mmoja wa kiungo hadi wa pili. Alifanya haraka, chuma kikiwa na moto wa kutosha, maana kikikawia plastiki ya mataruma huyeyuka. Sikuwa nimemfundisha jambo hilo, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Yeye ndiye pia aliyetukinga na hatari. Betri ya sola ina nguvu nyingi, na kipande cha chuma kikianguka kikagusa reli zote mbili, waya huweza kuwaka moto. Aliweka balbu ya taa ya pikipiki katika njia ya umeme, kati ya betri na reli. Treni ikitembea vizuri, balbu hufifia. Reli zikigusana, balbu huwaka kwa nguvu zote na kubeba mzigo ambao ungeunguza waya. Hivyo watoto wadogo nao waliweza kutuambia kuna kosa, ingawa hawakujua ni wapi.

Siku duara lilipofungwa, tuliita watu kwenye ukumbi wa parokia. Mama mmoja, miongoni mwa wale waliorudishwa kutoka kambi za Tanzania kwa meli ya Kigoma, alikaa karibu na meza bila kusema neno. Magurudumu yalipovuka viungo, tak-tak, tak-tak, alisema kwamba ndiyo sauti aliyoisikia akingoja meli bandarini na watoto wake, na kwamba siku ile hakuwa na nafasi ya kuisikiliza. Yule mzee wa madaftari alikuwapo. Aliitazama treni ikizunguka mara nyingi, kisha akauliza kama balbu ile ya pikipiki ingeweza kulinda na redio yake.

Sitawaambia kwamba reli ilimzuia yule kijana. Aliahirisha safari mara mbili, kisha akaenda Misisi, maana nyumbani kwao kuna midomo ya kulisha na mimi sina mshahara wa kumpa. Kabla ya kuondoka aliwafundisha wasichana wawili kulehemu. Leo watu huwaletea tochi na redio, na fedha wanazopata wanaziandika katika daftari moja, nusu kwa karo yao na nusu kwa kikundi. Yeye alirudi kwa majuma mawili wakati wa kiangazi, amekonda. Aliingia ukumbini, akapindua kipande cha tatu, akautikisa ule waya kwa ukucha. Ulikuwa umeshika.

Kilichobaki ni kipande cha njia panda. Ulimi wake unaoelekeza treni kushoto au kulia haurudi mahali pake, kwa sababu springi yake imekatika, nayo ni nyembamba kama unywele. Wasichana wamejaribu springi ya kalamu, ikawa ngumu mno. Sasa wanatafuta saa mbovu ya mkono. Aliye nayo na ailete ukumbini siku ya Jumamosi, baada ya mafundisho.