Mafuta, Mteremko na Uzito: Kumbukumbu za Magari ya Arusha

Uhaba wa mafuta uliofuata Vita vya Kagera na kupanda kwa bei duniani mwaka 1979 uliwazoesha wakazi wa Arusha kuona kubana matumizi ya petroli kama jambo la amri, kwa kuwa serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Katika kizazi hicho, ambacho mwandishi wa makala haya ni mmoja wao, ni nadra kukumbuka mtu aliyehoji jinsi gari lenyewe lilivyoundwa.

Ujuzi uliobaki mikononi mwa dereva ulikuwa wa mteremko. Barabara ya kwenda Moshi inaanza mjini kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, chini ya Mlima Meru, na kushuka kuelekea Usa River, na madereva wa vifodi, yaani pikapu zilizofungwa mabenchi nyuma ili kubeba abiria, walizoea kuweka gia nyutro, wengine wakithubutu hata kuzima injini, gari likaserereka lenyewe. Abiria waliogopa, na walikuwa na haki, kwani gari la namna hiyo hupoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo.

Mbinu hiyohiyo, katika uwanja uliofungwa, ndiyo silaha kuu ya Shell Eco-marathon, mashindano ya wanafunzi ambayo chimbuko lake ni dau la wanasayansi wa Marekani mwaka 1939, ambapo mshindi alifikisha takriban kilomita 21 kwa lita. Dereva huwasha injini kwa muda mfupi, huizima, kisha huserereka, na mshindi si wa kwanza kufika bali ni aliyetumia nishati ndogo zaidi kwa umbali uliopangwa. Tofauti ni kwamba timu hushughulikia kwanza vitu vinavyokula mwendo: uzito, upepo unaosukumwa na bodi, na kubonyea kwa tairi kwenye lami, ambako hugeuza nguvu kuwa joto. PAC-Car II ya chuo cha ETH Zürich, yenye magurudumu matatu na uzito wa kilo 29, ilipata mwaka 2005 kiwango kinacholingana na kilomita 5,385 kwa lita moja ya petroli, ingawa iliendeshwa kwa haidrojeni.

Katika Afrika Mashariki hatua iliyo karibu zaidi na hiyo ilipigwa Kampala. Wanafunzi wa Makerere walishiriki mradi wa kimataifa wa vyuo uliounda gari la Vision 200, kisha wakarudi na kujenga Kiira EV, gari la umeme la watu wawili lililoonyeshwa mwaka 2011. Arusha, yenye Chuo cha Ufundi tangu 1978 na kwa miaka mingi kiwanda cha matairi cha General Tyre, haikukosa mafundi. Kilichokosekana, kwa maoni ya mwandishi, ni shindano la kuwakutanisha.

Badala yake mabadiliko yameingia kupitia utalii, ambapo baadhi ya Land Cruiser za safari zimeng'olewa injini za dizeli na kufungwa mota na betri. Moshi umeondoka, lakini bodi ni ileile, ndefu na nzito, na swali ambalo wanafunzi wa mashindano huanza nalo, yaani gari lina kilo ngapi, katika gereji zinazofanya kazi hiyo bado huja baada ya swali la umbali wa chaji.