Swali la Dawati la Nyuma

Mwaka jana nikiwa BTP nilimpa mwanafunzi jibu ambalo hadi leo likinijia naona aibu. Kipindi cha Kemia, Kidato cha Pili, mada ya fueli, na msimamizi kutoka chuoni ameketi nyuma na fomu yake. Nikataka aone kwamba nasoma zaidi ya kitabu. Nikaingiza habari za haidreti ya methani, barafu inayowaka: gesi iliyofungwa ndani ya barafu chini ya sakafu ya bahari, mita moja ya ujazo ikitoa gesi karibu mita 160 za ujazo. "Unapunguza mgandamizo kama unavyofungua soda, gesi inatoka."

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama hiyo barafu ndiyo imeshika mchanga, ikiyeyuka mchanga utashikwa na nini?"

Nikasema haliko kwenye silabasi. Akakaa. Msimamizi akanipa alama nzuri kwenye kudhibiti darasa.

Usiku nikaanza kusoma kwenye simu. Kumbe swali lake ndilo lililowasimamisha Wajapani. Machi 2013, huko Nankai, upande wa Pasifiki, meli ya Chikyu ilitoa gesi kwa siku sita, takribani mita za ujazo 120,000, kisha mchanga ukaingia kisimani na jaribio likakoma. Wataalamu hutengeneza modeli za kompyuta, na ugumu wake nimeuelewa polepole: huwezi kukokotoa kitu kimoja kimoja. Ukivuta maji, mgandamizo unashuka, haidreti inavunjika. Kuvunjika kunakula joto, tabaka linapoa, basi kuvunjika kwenyewe kunapungua kasi. Wakati huohuo punje za mchanga zimepoteza gundi iliyozishika, na uzito wa juu uliokuwa ukibebwa kwa sehemu na maji sasa unaziangukia zenyewe. Zinabanana, ardhi inatitia, njia za gesi zinabadilika, na hesabu inaanza upya.

Wiki iliyofuata nikagandisha mchanga uliolowa kwenye kopo, katika friji ya mama anayeuza barafu jirani na shule (alidhani nimechanganyikiwa). Nikautoa kwenye kopo, nikauweka kwenye sinia, jiwe juu yake. Nikamwomba radhi yule binti mbele ya wenzake, na hapo sauti ilinikauka kweli.

Katikati ya kipindi mchanga ukamomonyoka, jiwe likaanguka. Wakapiga makofi. Yeye hakupiga.

"Lakini mwalimu, kule chini mchanga una mchanga mwenzake pande zote. Hauwezi kumwagika hivi."

Alikuwa sahihi. Nikachora kisima ubaoni: pa kumwagikia ni hapo tu.

"Kwa hiyo waweke chujio."

Nikamwambia walikuwa nalo. Mwaka 2017 wakarudi na lingine lililoboreshwa. Kisima kimoja kikaingia mchanga tena, kingine kikaenda siku 24.

Akaandika 24 kwenye daftari, akaipigia mstari. Kengele ikalia, na mimi nina sinia ya watu imejaa tope.