Uso wa Z. Kabla ya Harusi

Jumatatu, 13 Januari 2025

Joto la Januari halina huruma. Umeme umekatika tangu magharibi, naandika kwa tochi ya simu.

Z. kaja. Shikamoo mama mdogo, halafu kimya. Barakoa usoni, ndani ya nyumba. Nikamwambia vua. Mashavu yote madoa meusi ya chunusi, na katikati ya madoa wekundu ambao si wa chunusi hata kidogo. Akatoa kopo kwenye mkoba. Jeupe, halina herufi hata moja. Wamemkorogea saluni.

"Mna nini humu?"

"Mchanganyiko tu, mama mdogo. Wote wanatumia."

Hela katoa dada yangu, mama yake. Harusi ni kabla ya Ramadhani, bi harusi lazima atakate. Atakate nini? Mtoto kazaliwa na rangi yake ya maji ya kunde, imetulia, kila mtu anaisifia. Leo ndiyo imekuwa uchafu wa kutakatishwa.

Kopo limebaki kwangu. Marashi makali, na chini ya marashi harufu nyingine siipendi. Usingizi hauji.

Jumatano, 15 Januari

Nimepekua vitabu vyangu vya mafunzo. Mkorogo mara nyingi unabeba kimojawapo cha vitu vitatu, au vyote.

Hidrokwinoni: inaizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ukiitumia kwa nguvu na kwa muda mrefu inageuka, uso unapata weusi wa bluu ambao hauondoki kirahisi. Wanawake wa namna hiyo tunawaona kila siku kituoni Rangi Tatu, uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi tii.

Zebaki: nayo inazima rangi, kisha inapenya mwilini. Figo. Mishipa ya fahamu. Mjamzito inamfikia mpaka mtoto tumboni. Hata anayelalia mto mmoja na mpakaji, au kujifuta kwa taulo lake, anaweza kuipata.

Steroidi: dawa halali, lakini ya ugonjwa, kwa muda mfupi, kwa maelekezo ya daktari. Si mafuta ya kupaka kila asubuhi.

Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka kikomo cha zebaki kwenye vipodozi: miligramu 1 kwa kilo. Novemba 2023, Geneva, nchi zikakubaliana hata hicho kidogo kisiruhusiwe tena, mwisho 2025. Yaani mwaka huu. Na huku kwetu vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019. Sheria zipo. Lakini sheria inasoma lebo, na kopo la Z. halina lebo.

Z. anataka kuzaa mapema. Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Jumamosi, 18 Januari

Duka la dawa ninakouza, leo watu wengi. Kijana wa bodaboda kanyoosha simu, picha ya tyubu. "Dada, hii ipo? Ya shemeji yako, ya kung'arisha." Ni steroidi, tena ya nguvu ya juu kabisa. Nikamuuliza cheti cha daktari. Kanishangaa. "Duka la pale mbele wanauza bila maswali."

Najua. Mwenye duka naye kaninong'oneza, wateja wanatukimbia. Wakimbie.

Nilimweleza yule kijana taratibu, pikipiki inanguruma nje. Wiki za mwanzo tyubu inapendeza kweli: inabana mishipa ya damu, inatuliza uvimbe, uso unang'aa, shemeji anasifiwa. Baadaye ngozi inakonda, mishipa inaonekana, michirizi, vinyweleo, chunusi mpya. Ukiiacha, uso unawaka moto, kwa hiyo unairudia ili utulie. Hapo umeshanasa.

Kaondoka bila kununua kitu. Lakini alisikiliza mpaka mwisho. Alhamdulillahi.

Jumanne, 21 Januari

Z. kakubali! Kopo tumelifunga vizuri, hatulitumii tena, na hatumpi mwingine.

Mpango wetu, nauandika hapa nisiusahau.

Asubuhi na usiku: maji, sabuni laini isiyo na harufu kali. Hakuna dodoki, hakuna kusugua.

Gilisirini, matone machache, uso ukiwa bado na maji. Kazi yake kuvuta maji na kuyashika kwenye ngozi. Juu yake mafuta ya mgando kidogo, kwenye sehemu kavu tu. Yale hayaongezi maji, yanayazuia yasitoke. Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, na mpaka leo watu wanayadharau kwa sababu ni rahisi. Mpangilio ndio siri: maji kwanza, mafuta baadaye. Ukiyapaka kwenye ngozi kavu umefungia ukavu ndani.

Niasinamaidi, ile vitamini B3. Hii naipenda. Haiui rangi ya mtu. Inapunguza rangi inayosafirishwa kutoka chini kwenda juu ya ngozi, doa linafifia polepole, na inaisaidia ngozi kujijengea mafuta yake ya kinga.

Asidi ya salisiliki, asilimia 2, kwenye chunusi zenyewe, usiku. Inayeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana inaingia mpaka kwenye tundu la kinyweleo lililoziba.

Na losheni ya kukinga jua. Bila hiyo, yote niliyoandika juu ni kazi bure.

Z. kauliza, "Itachukua muda gani?" Nimemwambia ukweli: ngozi ya juu inajibadilisha kwa kama mwezi mmoja, madoa yanataka miezi. Harusi haitasubiri. Kaguna. Lakini kaondoka na chupa zake.

Ijumaa, 24 Januari

Somo wa Z. katoka Kilwa! Baada ya swala ya Ijumaa kaketi mkekani, kafungua furushi lake: liwa, manjano, singo yenye asumini na waridi, mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Nyumba nzima inanukia. Nikamkumbuka mama.

Niliogopa kumgusia, mtu mzima yule. Nikajikaza. "Somo, singo mpake mwili mzima, mikono, miguu, mgongo. Usoni msisugue, ana vidonda." Akakubali bila neno. Manjano kidogo hayana neno, yana kurkumini inayotuliza uvimbe, ila yanatia rangi mpaka mashuka. Mafuta ya nazi mazuri kwa miguu na mikono, lakini kwa uso wenye chunusi yanaziba.

Kisha akatoa ndimu.

Hapo sikunyamaza. Ngozi ina uchachu wake mdogo wa kujilinda, ndimu inauzidi mbali. Na maji ya ndimu yakikutana na jua yanaunguza, panabaki doa jeusi kuliko la mwanzo. Somo kanitazama, kaizungusha ndimu mkononi. "Basi hii ya samaki," akasema, akampa mtoto aipeleke jikoni.

Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumatano, 29 Januari

Siku mbaya.

Uso wa Z. umelipuka. Mwekundu, unawasha, vipele vidogo vimezunguka mdomo. Dada kaja mbio, hata hodi hakupiga. "Umemharibia mtoto! Alikuwa ameanza kutakata!" Majirani wote wamesikia. Sikumjibu. Ningesema nini, na mtoto analia?

Mchana tukaenda kwa daktari wa ngozi. Foleni ndefu, Z. kajifunika mtandio. Daktari alitazama, akanusa kopo, akauliza alilipaka muda gani na ameliacha lini. Akasema dalili zote ni za steroidi iliyoachwa. Ngozi inadai. Kampa dawa, na kaagiza tupunguze vyote: salisiliki ipumzike, niasinamaidi ipumzike, ibaki gilisirini na mafuta ya mgando mpaka patulie. "Ngozi iliyochoka hailishwi vingi," akasema.

Ngozi ya juu ni kama makuti ya paa. Ukishayachomoa, unaanza kwa kuziba, mapambo baadaye.

Ya Rabi, mtulizie.

Jumapili, 2 Februari

Kumepoa kidogo, usoni na nyumbani. Dada bado hasemi nami.

Asubuhi nimekaa na jirani, anampaka mwanawe losheni ya jua kabla ya kutoka. Mtoto ana ualbino. Masikio, shingo, nyuma ya mikono, hakuna panaporukwa. Kofia pana, mikono mirefu. Losheni ni ile ya Kilisun, inatengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC. Kituo kilianza 1992, losheni ikaja miaka ya 2010, kwa ajili ya watoto kama huyu. Kwa mtoto huyu losheni si urembo. Saratani ya ngozi inawaua watu wenye ualbino wangali vijana.

Z. alikuwa anatazama. Akaniuliza, "Sisi weusi nayo inatuhusu?" Inatuhusu kwa namna nyingine. Melanini yetu inatukinga sehemu, hatuungui upesi, lakini kila doa la chunusi likipigwa na jua linakolea. Kinga namba 30 ikipakwa ya kutosha inazuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, tena irudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Na mwavuli. Na kivuli, kile cha bure.

Jumamosi, 8 Februari

Wekundu umeondoka! Madoa yapo, lakini ngozi imelainika, haiwashi. Tumerudisha niasinamaidi kidogo kidogo. Z. kacheka leo, kicheko chake kile cha utotoni.

Dukani mama mmoja, tumbo lina miezi mitano hivi, kataka retinoli kwa sababu kaisikia simuni. Nikamwambia siyo sasa. Ni vitamini A, inahimiza ngozi mpya, inasaidia chunusi na mikunjo, lakini mjamzito haitumii. Ajifungue salama kwanza, na akinyonyesha aulize. Nikampa gilisirini. Kanishukuru kwa mikono miwili.

Nimezitoa kwenye rafu ya dirishani chupa za vitamini C. Jua la mchana linazipiga, moja imeshageuka kahawia. Ikifika hapo imeharibika, hata kama tarehe haijaisha.

Ijumaa, 14 Februari

Dada kaja. Kaleta maandazi. Hakusema lolote kuhusu siku ile, nami sikuuliza. Akakaa, akavua kandambili, akanionyesha visigino. "Hiyo gilisirini inafaa na huku?" Magaga yamechanika mpaka damu. Nimempa krimu ya yurea, inalainisha ngozi ngumu na kushika maji. Usiku aloweke miguu, apake, avae soksi.

Nimempaka mimi mwenyewe, pale pale kibarazani. Miguu ya mama tumeirithi wote.

Alhamisi, 20 Februari

Harusi keshokutwa.

Mpambaji kaja kujaribu. Kafungua poda, kachagua nyeupe kuliko Z. Kabla sijafumbua mdomo, Z. kamshika mkono. "Dada, nitafutie rangi yangu." Dada yangu alikuwa mlangoni. Akasema, "Mtafutie rangi yake." Nimelia jikoni, machozi ya furaha.

Madoa mawili matatu bado yanaonekana kwa karibu. Yaonekane. Uso ni mzima, hauwaki, hauna sumu, na Mungu akipenda, mtoto atakayemzaa hataanza maisha na zebaki.

Kesho asubuhi nabandika karatasi kaunta, mwenye duka apende asipende. Nimeshaiandika kwa kalamu nene: Kipodozi kisicho na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi usikipake mwilini, hata akupe mama yako. Lete kopo lako, tulisome pamoja. Kusomewa ni bure.