Na Weye, Balishakudunga?

Hapa Mantapala neno "hiari" tunalijua vizuri. Kurudi Kongo ni kwa hiari, wanasema, na tangu kambi ifunguliwe Januari 2018 tumejifunza kuuliza: hiari ya nani? Ndiyo maana ubishi huu, kama wahudumu wa afya walazimishwe kuchanjwa, siyo habari ya wakubwa wa Lusaka tu.

Zambia ilianza chanjo ya korona tarehe 14 Aprili 2021, na wahudumu wa afya walitangulia. Ilikuwa hiari. Ng'ambo kwetu, Kongo ilikuwa imepokea dozi milioni 1.7 mwezi Machi. Ikangoja kwanza, sababu ya habari za damu kuganda kule Ulaya, mwisho ikatoa karibu milioni 1.3 ziende nchi zingine kabla muda wake haujaisha. Sasa wewe mjitolea wa afya unazunguka bloku kwa bloku, na watu wana simu, wana ndugu Pweto. Mama anakuuliza: "Ile dawa bale ba Kinshasa balirudisha, njo munatuletea?" Halafu linafuata swali lenyewe: "Na weye, balishakudunga?"

Swali hilo lina nguvu kuliko mabango yote ya kliniki. Lakini linataka jibu la mtu aliyekubali mwenyewe. Ukijibu, "Ndiyo, bila hiyo wangenifukuza kazi," mama atafunga mlango, na mimi simlaumu.

Kule Kivu Kaskazini, wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, wahudumu zaidi ya 160 waliambukizwa. Waliokuwa mstari wa mbele walipewa chanjo mapema, na Uganda ikaanza kuchanja wa kwake wa mpakani Novemba 2018, hata kabla ugonjwa haujavuka. Kazi pale ilikuwa kumlinda mhudumu mwenyewe, na hatari aliiona kwa macho.

Sasa surua. Hapa Zambia mtoto anapata sindano ya kwanza ya surua akiwa na miezi 9. Kabla ya hapo hana kinga ya sindano, anategemea wale wanaomzunguka. Na anazungukwa na nani? Foleni ya kliniki, na yule anayempima uzito. Chanjo ya surua inazuia kwa kiasi kikubwa sana kuambukiza, ingawa si asilimia mia. Ile ya korona ilisaidia zaidi mtu asiugue vibaya na asife, lakini aliyechanjwa bado aliweza kumpa mwenzake. Tukichanganya hizi mbili kwenye sheria moja, tunabishana bure.

Mimi kwa surua ningesema wazi: asiyechanjwa, na hana sababu ya kiafya, asishike watoto wachanga, apewe kazi nyingine. Kwa korona nisingemwondoa mtu. Wajitolea wetu wanapata posho ndogo, na wanaojua Kiswahili, Kibemba na njia za kila bloku hawaokotwi barabarani. Ukimfukuza mmoja, mama mjamzito ataelezwa dawa zake na nani?

Na jambo moja kwa wenzetu wa mashirika. Kama siku moja mtaleta karatasi ya kusaini, isiwe ya Kiingereza tu. Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa, wengine hatukusoma. Isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, na watu wapewe siku mbili za kuuliza maswali kabla ya kushika kalamu.