Tulipanda Newala kwa Baiskeli, Mimi na Shosti

Ukiuliza nchi ya mvinyo hapa Tanzania utaelekezwa Dodoma, kwenye zabibu. Sisi watoto wa Magomeni, Mtwara, tuna mabibo. Mwezi wa kumi na moja uwanda wote wa Makonde unanuka mabibo yaliyoiva, mengine yameshachacha chini ya mikorosho kwa sababu mwenye shamba anachotaka ni korosho. Huko ndiko nilikokwenda likizo Novemba 2023, kwa baiskeli, na shosti wangu wa tangu darasa la kwanza.

Wenzangu ofisini walicheka. Jamani, si uende Zanzibar? Sikuwaambia sababu. Mwaka mmoja nyuma mama yake shosti alifariki, yule mama ambaye nimekula kwake kuliko kwetu, na mimi sikwenda msibani. Tulikuwa tunafunga toleo. Nilituma laki mbili kwa simu, na ujumbe mrefu mzuri (mhariri mimi, hata koma sikukosea). Alijibu, "Asante." Toka hapo ikawa salamu za Idi tu, hadi aliponipigia mwenyewe: "Ile safari yetu ya Newala ya utotoni vipi?"

Msidanganywe na ramani. Uwanda ule umeinama kuelekea baharini, kwa hiyo ukitoka Mtwara unapanda tu, kilomita zaidi ya 100, hata pale unapodhani ni tambarare. Naliendele nilikuwa bado natabasamu. Nanguruwe nikaanza kuilaumu siti. Lami iliishia Mnivata, baada ya hapo tukala vumbi.

Siku ya pili, kabla ya Tandahimba, mnyororo wangu ukakatika. Bibi mmoja aliyekuwa anachambua korosho akatukaribisha kivulini. Tukamwamkia, tukaomba maji. Akacheka. Maji kule ndiyo shida ya miaka yote, mchanga unayanyonya, na mradi wa maji wa Makonde upo tangu miaka ya 1950 lakini ndoo bado zinapanga foleni. Uraka ndio ulikuwa karibu. Mabibo hukamuliwa, maji yake yakalazwa yachachuke, basi. (Ukiyachemsha na kukinga mvuke unapata gongo, hapo unatafutana na polisi.) Shosti, mtu wa swala tano, akatafuna bibo bichi, nyuzi zikamganda menoni. Mimi nikanywa kikombe kimoja. Utamu kwanza, halafu koo linakabwa.

Mjukuu wa bibi akaunga mnyororo kwa msumari na jiwe. Mlima uliofuata tukausukuma kwa miguu, na hapo ndipo alipoanza.

"Mama mkubwa alikuwa ananiuliza, mwenzio yuko wapi? Namwambia yuko njiani. Mpaka arobaini nilikuwa nasema uko njiani."

Nikafungua mdomo. "Shosti, lile toleo..."

"Najua. Nililinunua. Nikalisoma lote, nione lilikuwa na nini."

Weee! Mimi nalikumbuka lile toleo. Lilikuwa na pilau ya dakika 30 na namna ya kupanga kabati la nguo. Nikasukuma baiskeli, macho yangu chini kwenye mchanga. Yeye hakulia wala hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Angenitukana ningejua la kujibu.

Newala tulifika siku ya tatu, mapaja yamekufa ganzi. Tukaenda Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na chini kabisa unaona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Nikamwomba msamaha, safari hii bila kulitaja toleo. Akanyamaza muda mrefu, akiokota vijiwe. Halafu akasema, "Haya. Ila hizi baiskeli mimi sirudi nazo kwa miguu."

Tulirudi kwa basi, baiskeli juu ya keria. Stendi sikwenda kwetu, nilimfuata hadi kwao. Mama mkubwa alikuwa amekaa ukumbini kwenye mkeka.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba."

"Mama mkubwa," shosti akasema, "yule niliyekwambia yuko njiani, amefika."

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, vumbi tupu. "Mbona njia ilikuwa ndefu hivyo, mwanangu?" Kisha akasogea, akanipisha nikae.